Safu ya Kwao

Kabla sijasema lolote kuhusu kosa la Kavetsa, lazima niutaje mwandiko wake, maana ndio uliomponza. Herufi zake zilisimama wima, zimeachana sawasawa, na ukimpa karatasi isiyo na mistari alikuwa akiandika kama iliyo nayo. Nimeuza sukari na mafuta ya taa kwenye njia yetu, kule nyuma ya mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret, tangu binti yangu Hamdi hajaota meno. Barua nyingi zimepita juu ya kaunta yangu. Sijaona mkono mwingine kama ule.

Alitoka Maragoli akiwa ameolewa, mume akifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, mume akarudi nyumbani kuchuma majani chai, yeye akabaki mjini akifundisha watoto wa chekechea katika chumba cha kanisa. Hapo ndipo watu walipomgundua. Mwenye kutaka barua ya kuomba kazi, kwa Kavetsa. Mwenye mtoto aliyefukuzwa shule, kwa Kavetsa. Harusi, harambee, kesi ya mpaka wa choo, mwandishi ni yeye. Tulimwita Karani, na jina likamshika hadi watoto wakadhani ndilo alilobatizwa nalo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kaunta buku, lile daftari nene la kikundi cha matanga. Njia yetu ilikuwa na watu wa kila kabila, na karibu wote walikuwa na mahali pengine pa kuzikwa. Mtu akifia Eldoret, hazikwi Eldoret. Anapakiwa garini, anapelekwa Kakamega, Kisii, Machakos au Nyandarua, na kikundi ndicho kinachotafuta gari na kupiga simu. Kwa hiyo Kavetsa alichora safu nne katika kitabu kile: jina, nyumba ya ngapi, wanaoishi naye, na kwao. Hiyo ya kwao ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Msiba ukitokea, unafungua ukurasa, unajua dereva aelekee wapi.

Mimi na watu wangu, Waislamu, hatuna shida hiyo. Nilimwambia nikifa asubuhi, alasiri niwe nimeshazikwa, hapahapa mjini, na gari lenu mkawabebe wengine. Akacheka, lakini kalamu ikabaki hewani. Akaniuliza tena kwetu ni wapi. Nikamwambia Wajir, ili aniache nihudumie wateja. Moyoni sikupenda. Sisi Wasomali wa kaskazini tumehesabiwa sana. Mwaka wa themanini na tisa tulipangwa foleni tuthibitishe kwamba ni Wakenya, tukapewa kadi za rangi ya pinki. Tangu siku hiyo, nikiona mtu ana kalamu na anaulizia kwetu, namjibu kwa ufupi aondoke.

Aliyembishia hasa ni Kiarie, fundi wa baiskeli wa nyumba ya saba, mume wa Mwihaki. Walisimama mbele ya kaunta yangu, nikawasikia vizuri.

"Kwenu ni wapi, Kiarie?"

"Hapa."

"Hapa si kwenu. Kwenu kwenu."

Kiarie akamweleza kwamba babake alimleta Eldoret akiwa amebebwa mgongoni, kwamba kiwanja cha nyumba ya saba alikinunua kwa jasho lake, na kwamba hajui njia nyingine ya kurudi nyumbani ila ile inayopita dukani kwangu. Lakini Kavetsa hakuweza kuvumilia kisanduku kitupu. Akamhoji mpaka Kiarie akataja kwamba babu yake, wanasema, alitoka Nyandarua. Kavetsa akaandika Nyandarua. Akakausha wino kwa kupuliza, akamwonyesha jinsi lilivyokaa vizuri. Tulicheka sote watatu, na Kiarie akanunua mkate akaenda zake. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na sita.

Desemba ya mwaka uliofuata tukapiga kura. Yaliyotokea matokeo yalipotangazwa, watu wakiwindwa kwa kabila lao, yanajulikana, wala sina hamu ya kuyasimulia upya. Nitasema lililotokea kwenye njia yetu tu, na hata hilo, habari ya kitabu niliijua baadaye sana.

Siku ya mwaka mpya asubuhi, kijana wa jirani alimgongea Kavetsa mlango akamwambia mwenyekiti wa kikundi anataka kitabu. Simtaji jina kijana huyo. Mama yake bado ni jirani yangu, na yeye mwenyewe hununua maziwa kwangu. Kavetsa hakuuliza neno. Kwenye njia yetu mtu akija kuomba kile kitabu, kuna aliyekufa. Alijifunga leso, akakitoa chini ya godoro, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia pole.

Waliokuja mchana hawakuwa watu wa kwetu. Nilikuwa nimejifungia ndani ya duka na watoto, nikiwaona kupitia ufa wa mlango. Hawakujua njia yetu, hilo lilionekana wazi, maana walikuwa wakihesabu milango kwa vidole. Lakini hawakukosea hata mmoja. Nyumba ya tatu, nyumba ya saba, nyumba ya kumi na moja. Zilizo katikati walizipita kana kwamba hazipo. Jioni tulikuwa na mapengo matatu yanayofuka moshi, na majivu ya watu tuliokula nao yakitua juu ya nguo zetu zilizoanikwa.

Kiarie na Mwihaki waliruka ua wa nyuma wakakimbilia uwanja wa maonyesho, wakapewa hema. Mwezi wa tatu Kiarie akafa kwa ugonjwa wa kifua. Hakuna gari lililokwenda Nyandarua, kwa sababu huko hakuna aliyemjua. Alizikwa kwenye makaburi ya mji, kwa udongo uleule uliokuwa ukimchafua kucha akitengeneza baiskeli zetu. Nilikwenda mazikoni. Kavetsa alikuwepo, amesimama nyuma kabisa.

Mwihaki alirudi mwaka wa elfu mbili na tisa. Wengi walimshauri auze kiwanja aende zake, na wengine walimshauri kwa sauti isiyokuwa ya ushauri. Akawasikiliza wote, kisha akasimamisha vyumba viwili vya mabati palepale pa nyumba ya saba na kupanda sukuma wiki pale palipokuwa na jiko. Mkataba wa kununulia kiwanja uliungua na kabati. Hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na majirani tu. Wa kwanza kumletea moto na uji alikuwa Kavetsa. Tangu siku hiyo hakukosa kumwita chai ya saa kumi, na Mwihaki hakukosa kwenda.

Kavetsa naye akaacha kuandika. Ukimpelekea karatasi anasema macho yamekwisha. Macho hayohayo yalikuwa yakinitolea mawe kwenye mchele bila miwani. Nilidhani amepandisha mabega, nikamsema nyuma yake, Mungu anisamehe.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nne wakaja watu wa mipango ya mji. Siku hizo kulikuwa na katiba mpya, na neno wananchi lilikuwa halishuki midomoni mwa wakubwa. Kwetu walimtuma msichana aitwaye Priscah, amemaliza chuo juzi, viatu vyake vyeupe vikageuka rangi kwa matope yetu siku ya kwanza, na hakulalamika. Nilimpenda kwa hilo. Alituketisha katika ukumbi wa kanisa akatuambia kwamba zamani mji ulichorwa na watu wasioujua, ndiyo sababu barabara ziliishia kwa matajiri na maji machafu yakaishia kwetu. Safari hii tutachora ramani wenyewe. Tutatembea mlango hadi mlango na kuandika kila nyumba na mwenyewe, na aliye kwenye orodha hatahamishwa bila kupewa mahali pengine. Akauliza nani ana mwandiko mzuri. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Kavetsa.

Alisema macho. Wakacheka. Alisema mgongo. Wakasema kuna wa kumshikia. Kukataa zaidi kungemlazimu aeleze sababu, kwa hiyo akachukua kalamu.

Siku ya kutembea walikuwa watu sita. Priscah mbele na karatasi kubwa, Kavetsa na orodha, na wa kushika utepe wa kupimia alikuwa yule kijana niliyekataa kumtaja, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wawili na boda boda yake. Walipita dukani kwangu, wakaandika Anisa, duka na vyumba viwili. Mwihaki alikuwa ameenda sokoni na mboga zake. Walipofika kwenye lango lake, mwanamume yule akavuta utepe, akauliza kama mtu afanyaye kazi yake, "Hapa tuandike nani?"

Kavetsa alinieleza baadaye alichokiwaza pale langoni. Alijua kabisa kwamba kila mtu pale anamjua Mwihaki. Lakini mtu kujulikana ni jambo moja, na mtu kuandikwa ni jambo lingine. Waliokuja na moto hawakumjua Kiarie, waliongozwa na karatasi. Na karatasi hii ingepelekwa mjini, ikapita mikono asiyoijua, na uchaguzi mwingine ungekuja tu. Basi akajibu kwamba ameshaandika, akafungua ukurasa mpya. Nyumba ya sita, kisha nyumba ya nane. Hakuna aliyechungulia. Nani angekagua kazi ya Karani?

Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi mapema mwaka uliofuata. Ilikuwa nzuri, ina rangi. Sisi tulitafuta nyumba zetu, tukaziona, tukafurahi kama watoto waliojiona kwenye picha, tukarudi kupika. Mwihaki hakwenda. Aliambiwa na wengi kwamba wote tumo.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja nilisikia nyundo, nikatoka. Vijana wawili wa vipimo walikuwa wakipiga vigingi katikati ya sukuma wiki ya Mwihaki, kamba imepita mbele ya mlango wake, naye amesimama kizingitini na mwiko mkononi. Pale kwake palikuwa pamepangwa stendi ya boda boda na choo cha umma. Alipowauliza kwa ruhusa ya nani, wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba ramani inaonyesha ni uwanja mtupu, na ramani mlichora wenyewe.

Tulikwenda ofisini na Mwihaki. Priscah alitutafutia orodha, akaipitia mara tatu huku akifuata mistari kwa kidole. Sita, nane. Akatuonyesha na picha iliyopigwa kutoka angani, waliyoitumia kuhakikisha. Picha ilikuwa ya mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya moto. Nyumba ya saba ilikuwa doa jeusi. Akatueleza kwamba muda wa pingamizi unakwisha Ijumaa. Kutakuwa na mkutano wa mwisho ukumbini, na asiye na hati wala jina kwenye orodha atahitaji wakazi wenzake wamshuhudie kwa maandishi. Asipopata hilo, wiki inayofuata mabati yatashuka. Mwihaki alimshukuru.

Alasiri hiyo Kavetsa alikuja dukani, akakaa juu ya gunia la mahindi, akanimwagia yote. Kitabu, godoro, ile pole aliyoisema, utepe, ukurasa mpya. Alikuwa akinieleza huku akipangusa kaunta yangu kwa kiganja, mahali palepale, mara kwa mara. Alitaka nimwambie kwamba alikuwa anamlinda.

Mimi nina ulimi, kila mtu anajua. Nilimwambia, "Wale walimchomea nyumba. Wewe umemfuta."

Hadi leo natamani ningesema nusu tu ya maneno hayo. Lakini nilikuwa na hasira, si kwake peke yake. Nilikuwa na hasira na kalamu zote zilizowahi kuniuliza kwetu, na nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu niliitazama ramani ile kwa macho yangu, nikaliona duka langu, nikaridhika. Mbona sikutazama hatua ishirini pembeni?

Ijumaa ukumbi ulijaa. Waendesha boda boda walikuja wengi, maana stendi walikuwa wameiomba kwa haki, mvua inawanyeshea barabarani miaka yote. Yule bwana wa utepe alikaa safu ya tatu, kofia yake ya pikipiki mapajani. Priscah alisoma pingamizi moja moja, mtaro huu, taa ile. Akafika nyumba ya saba, akauliza nani anashuhudia. Nikanyanyua mkono, na wengine kama kumi. Hapo Kavetsa akasimama. Nilidhani atanyanyua mkono tu kama sisi.

"Nyumba ya saba si serikali iliruka," akasema. "Ni mimi. Na kile kitabu cha matanga cha mwaka ule, kilichotumika kutafuta watu, pia ni mimi nilikitoa. Nilidhani kuna msiba."

Kavetsa hakumtaja aliyekuja kukichukua. Safu ya tatu, mtu mmoja aliinamisha kichwa akawa anatazama ndani ya kofia yake kana kwamba kuna kitu ameangusha humo.

Mwihaki hakusimama. Alizungumza akiwa ameketi, kwa sauti ile anayotumia kuniulizia chumvi.

"Kitabu nilikiona, Karani. Kilikuwa kimevishwa kalenda yenye picha ya twiga. Mmoja wao alikifungua pale langoni akasoma, mimi niko nyuma ya ua. Halafu akakitupa. Nilirudi usiku nikakiokota. Jina la Kiarie limeandikwa vizuri sana. Nyandarua pia." Akakaza leso yake. "Miaka sita nimekuja kunywa chai yako nikingoja useme."

Kavetsa alikaa chini.

Niwaambie mapema ili msihangaike: pingamizi lilikubaliwa. Stendi ilihamishwa hatua ishirini, na sasa iko mbele ya duka langu, moshi na kelele tangu alfajiri, wala sikuandika pingamizi lolote. Yule bwana huegesha pikipiki yake hapo, hununua maziwa, hunisalimia, nami humrudishia. Mwihaki hajaingia tena nyumbani kwa Kavetsa. Hukutana kwangu, wakasalimiana, kila mmoja akachukua chake. Na wakati huu ninaposimulia, mabango ya uchaguzi yameanza tena kubandikwa kwenye nguzo, na juzi mteja nisiyemjua ameniuliza wanaoishi nyuma ya duka langu ni watu wa wapi. Nilimwambia ni wateja wangu. Vigingi vya watu wa vipimo bado vimo ndani ya sukuma wiki. Hakuna aliyekuja kuving'oa, Mwihaki amevifungia kamba ya kuanikia nguo.

Lakini Ijumaa ile hatukuyajua hayo. Tulichokuwa nacho ni fomu ya kurasa mbili mezani, na saa moja kabla ofisi haijafungwa. Priscah alimpa Mwihaki kalamu. Mwihaki alimaliza darasa la nane, anajua kuandika. Aliisukuma kalamu hiyo juu ya meza mpaka mbele ya Kavetsa.

"Andika wewe. Na uandike ukisoma, kila mtu asikie."

Kavetsa alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akavuta kiti. Ncha ya kalamu iliposhika karatasi, herufi zikasimama wima, kama ilivyokuwa siku zote. Akasoma akiandika: Mwihaki, mjane wa Kiarie. Nyumba ya saba. Anaishi hapo tangu mwaka wa tisini na nne. Jina la Kiarie alilisoma mara mbili. Kila neno lilifika hadi safu ya mwisho. Watu waliokuwa wamezoea kutaja majina fulani kwa kunong'ona walikaa wakiyasikia yakisomwa mchana kweupe.

Alipomaliza akataka kuweka kalamu chini.

"Chora safu nyingine," Mwihaki akasema.

Priscah akaanza kueleza kwamba fomu haina sehemu zaidi, nikamgusa mkono akanyamaza. Kavetsa alichora mstari ulionyooka kwa ukingo wa faili.

"Juu yake andika kwao."

Akaandika kwao. Kisha kalamu ikabaki hewani, kama siku ile mbele ya kaunta yangu. Swali nililiona limemjaa mdomoni, na niliona hana ujasiri wa kuliuliza. Machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, naye akilinda karatasi isilowe kwa kuiweka mbali.

"Unangoja nini, Karani?" Mwihaki akasema. "Kiarie alikujibu mara ya kwanza."

Kavetsa akainama, akaandika: hapa.